Lenzi ya ndani ya jicho: naona vizuri, ila ile simu ya usiku sijaisamehe

Jamani niseme ukweli, upasuaji wenyewe ulienda vizuri sana. Ganzi ya matone, dakika chache, lenzi laini ikapenyezwa nyuma ya ile duara yenye rangi, mbele ya lenzi yangu ya kuzaliwa nayo, nikanyanyuka naona. Miwani yangu ilikuwa -9, nikiivua hata sura ya mtu niliyekaa naye meza moja siioni, kwa hiyo nililia pale pale kitandani.

Balaa likaanza usiku uleule. Jicho la kulia likawa linavuta, linavuta, maumivu yakapanda kwenye nyusi mpaka nusu nzima ya kichwa, nikatapika mara mbili, na kale kataa ka chaja ya simu kakawa kamezungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua. Nikapiga namba ya dharura waliyonipa wenyewe pale waliponipasua. Aliyepokea hata jina hakuniuliza, akasema "hiyo kawaida dada, meza dawa ya maumivu ulale, kesho si una kliniki?" Namwambia natapika, ananiambia labda nimekula kitu kibaya. Akakata. Nimeshika simu, jicho linapiga kama moyo.

Mume wangu akasema inuka twende hospitali nyingine. Daktari wa zamu kupima presha ya jicho, 46! Kawaida ni 10 hadi 21. Akanieleza kuna jeli wanaitumia kulinda jicho wakati wa kuweka lenzi, ikibaki ndani inaziba njia ya maji ya jicho kutoka, ndo presha inapanda hivyo, na ikikaa juu inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, ukishakufa ndo basi haurudi. Akabonyeza ukingo wa kidonda taratibu, maji kidogo yakachuruzika shavuni, na maumivu yakalegea palepale. Akanipa vidonge na matone ya kushusha.

Sasa sigombani na jeli. Fomu nilisaini na yote yalikuwemo, presha, mtoto wa jicho lenzi ikikaa karibu mno na ile ya asili, lenzi kuzunguka ikabidi irudishwe mahali pake, sijadanganywa. Ninachogombana nacho ni kumweka mtu apokee simu za waliopasuliwa siku hiyohiyo wakati hajui kwamba jicho kuuma vile pamoja na kutapika ni la kukimbiza hospitali. Ningemsikiliza nikalala je? Hiyo namba mlinipa ya nini?

Nilivyoanza kuandika nilitaka kusema msithubutu kabisa. Lakini leo nimeamka nikasoma saa ya ukutani bila kupapasa miwani, nikanyamaza. Usiku taa za magari bado zina duara, zimepungua lakini zipo, na kila baada ya muda lazima nirudi wapime presha, nafasi kati ya lenzi mbili na seli za konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Hayo nayakubali. Ukiniuliza nitafanya tena, nitasema ndiyo, halafu nikikumbuka ile sauti "kawaida dada" nasema hapana, pale kwao sirudi hata bure, tena nimeshaomba faili langu nihamie kwa yule daktari wa zamu.

Malalamiko nilipeleka kwa maandishi. Mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyenipigia kuuliza jicho linaendeleaje.