Draivu tupu kwenye programu ya mafaili zilivyonitoa jasho (uzoefu wangu)

Nilinunua kadi rida ya tundu nne, ile inayomeza memori kadi za kila saizi, nkaichomeka nyuma ya kompyuta nkaiacha hapo hapo manake picha nahamisha karibu kila siku. Kuanzia siku hiyo programu yangu ya mafaili (ile ya madirisha mawili, la kushoto na la kulia, jina naliacha) ikawa inanionyesha draivu E, F, G na H (draivu ni sehemu ya kuhifadhia mafaili ambayo Windows inaipa herufi) zimejipanga mstari na ndani ya zote nne hamna kitu. Mi natumia tundu la SD tu, hayo mengine sijawahi hata kuyagusa, lakini kila nikifungua programu lazima nizione zote na mbaya zaidi programu yenyewe lazima izibishie hodi moja moja.

Kwa asiyejua, kompyuta haisubiri kadi ndo ihesabu draivu. Inahesabu tundu. Tundu likiwa wazi bado ni draivu yenye herufi yake, ila ukiiuliza una nafasi kiasi gani inajibu haiko tayari. Na hapa tusichanganye, flashi isiyo na faili hata moja sio draivu tupu ninayoisema mimi, hiyo ni ndoo iliyopo ila haina maji, mi nasema pale ambapo hata ndoo yenyewe haipo.

Sasa toleo la zamani la hiyo programu lilikuwa likifunguka linataka kujua jina na nafasi iliyobaki ya kila draivu kabla halijakuonyesha chochote, kwa hiyo linauliza E, linasubiri, linauliza F, linasubiri, dirisha jeupe, maus inazunguka, we umekaa tu unaangalia. Alafu kinakuja kiboksi kinakwambia hamna diski kwenye draivu, tafadhali weka diski. Unabonyeza ghairi. Kinarudi. Kumbe cha kwanza kilikuwa cha E na hiki ni cha F, na G na H wako foleni. Kuna asubuhi nilibonyeza ghairi mara nane kabla sijaona faili langu hata moja, na kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha jina la faili moja!

Kilichoniuma nilipokuja kusoma ni kwamba Windows tangu zamani ina njia ya programu kuiambia "kukiwa na tatizo la draivu usirushe kiboksi, nipe mimi jibu nitajua la kufanya". Ni jambo dogo sana kwenye kodi. Yaani ni mtu tu hakukumbuka kwamba duniani kuna kadi rida.

Kero nyingine ni tabu zilizokumbukwa (tabu za programu, vile vichupo vya juu ambavyo kila kimoja kina folda yake). Mi napenda programu ifunguke pale nilipoishia jana, sasa jana niliishia kwenye folda ya picha ndani ya G, kadi nimeshaitoa iko kwenye kamera, leo programu inang'ang'ania G kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Programu yenye akili ikikuta hivyo inarudi C kimya kimya, au inaiacha tabu pale pale na kuandika kadi haipo. Hii ya kwangu iligoma kufunguka kabisa mpaka nkairudishia kadi, na kamera ilikuwa haipo nyumbani, basi nkaishia kuchomoa rida nzima.

Nkachoka, nkazificha. Windows yenyewe ina hiyo opsheni kwenye setingi za folda, tiki ya kuficha draivu tupu, na programu yangu nayo ilipopata apdeti ikaja na tiki yake. Nkaweka kote kote. Raha sana, ikabaki C na D tu, kadi ikiingia herufi inachomoza, ikitoka inapotea. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nawaambia watu wote weka hiyo tiki usijiulize.

Mpaka flashi yangu ilipokufa. Nachomeka, taa yake inawaka, kompyuta inatoa ule mlio wa kupokea kifaa, naangalia kwenye programu sioni kitu. Nabadilisha tundu la USB, sioni. Nawasha upya kompyuta, sioni. Nkaanza kuzilaumu poti, nkazipuliza vumbi, nkafuta na kuweka upya draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa), karibu jioni nzima imeenda. Mwisho nkafungua diskpart (zana ya Windows ya kushughulikia diski kwa kuandika amri) nkaandika list disk, na yule pale, Disk 2, hali yake imeandikwa No Media (yaani ndani hamna cha kuhifadhia), saizi 0 B. Flashi ilikuwa inaonekana muda wote, ila chipu ya kumbukumbu ndani haijibu tena, kwa hiyo mbele ya kompyuta ilikuwa inafanana na tundu lisilo na kadi, na mimi si nimeagiza vitu vya namna hiyo vifichwe. Tiki yangu mwenyewe ndo iliyonificha mgonjwa. Kama ningeiona ile herufi imekaa pale bila saizi ningejua ndani ya dakika moja kwamba flashi ndo imeondoka na poti hazina kosa.

Nlijaribu kuangalia na Linux (mfumo mwingine wa kompyuta, sio Windows) kama kuna tofauti, kule hamna herufi, kadi inatokea pale inapopachikwa tu (yaani mfumo unapoifungua isomeke) kwa hiyo tundu tupu huwezi kuziona kwenye programu ya mafaili, lakini ukiandika lsblk (amri ya kuorodhesha diski) zipo zote, kwa majina kama sdb, sdc, zina 0B pembeni. Kwa hiyo ni yale yale, zimefichwa tu kwa adabu zaidi.

Toleo ninalotumia sasa hivi ndo limenirudisha kuipenda programu. Halifichi, linafifisha. Draivu isiyo na kadi inabaki mahali pake kwa rangi ya kijivu, ukiiklik inasema hamna kadi kwa maneno madogo chini, hamna kiboksi hamna kuganda, na madirisha yote mawili yanaendelea na kazi kama kawaida kwa sababu kule kuuliza kunafanyika pembeni. Hivi ndivyo ilitakiwa iwe toka mwanzo.

Kitu kimoja nimefanya mwenyewe na nashauri. Rida ikishakalia E mpaka H, flashi inayofuata inapewa I, siku rida haijachomekwa flashi inaweza kupewa E, na kama una kifaili cha bechi (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) cha kunakili bakapu kilichoandikwa E basi siku flashi ikipewa I bakapu inaenda kusikojulikana. Mi niliingia Disk Management (sehemu ya Windows ya kupanga diski na herufi zake) nkazihamishia tundu za rida mwisho wa alfabeti, W, X, Y, Z, unaweza kufanya hivyo hata kama hazina kadi, na Windows inakumbuka. Toka hapo E ni ya flashi yangu mpya na bechi haijanisumbua tena. Ukitoa kadi angalia unachoklik lakini, ukiejekti herufi ya tundu inatoka kadi tu, ukiejekti kifaa kizima zinaondoka tundu zote nne na itabidi uchomoe rida uchomeke tena.

Programu nimeipa nyota 4. Ya tano nimeinyima kwa sababu nikichomeka kadi bado lazima nibonyeze F5 (ya kuonyesha upya) ndo W ikolee rangi.