Stika Iliyopinda: Uzoefu Wangu na Kompyuta ya Mtumba, na Ile Ambayo Sikuiunda

Dhamana ya miezi 3 niliyopewa Kariakoo ilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa stika nyeupe, imebandikwa kwenye mshono wa kasha la kompyuta, na maandishi yake mekundu yalisema kwamba ikichanika au kubanduka, dhamana imekufa. Stika hiyo imenikosesha usingizi kuliko marejesho yoyote ya VICOBA, na kwa kuwa wenzangu wenye steshenari wananiuliza kila siku kama wanunue kompyuta ya mtumba au watafute fundi awaundie mpya, nimeona niyaandike yaliyonikuta.

Kompyuta niliyokuwa nikiitumia dukani kwangu Tabata ilikuwa ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya zamani mno kukubaliwa na Windows 11. Mpwa wangu, ambaye anasomea mambo haya, aliniandikia orodha ya vifaa vya kuunda mashine mpya: mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (diski ya kisasa yenye kasi), pawa saplai (kifaa cha kuipa mashine umeme) na kasha. Jumla ilifika shilingi 1,150,000 bila skrini. Alinisihi akisema, "Shangazi, hii ikiharibika unabadilisha kipande kimoja tu, na kipande chenyewe unakipata duka lolote." Kompyuta ya mtumba, iliyotoka katika ofisi fulani za Ulaya, ilikuwa shilingi 420,000 pamoja na kibodi na kipanya. Mimi ninachapa ukurasa mmoja kwa shilingi 200, kwa hiyo tofauti ile kwangu ni kurasa 3,650, na hapo sijanunua wino wala karatasi. Nilichagua ya mtumba na sikujiona mjinga.

Nilikwenda nimejiandaa. Nilisisitiza prosesa iwe ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu za chini ya hapo Microsoft haizitambui rasmi kwa Windows 11, ingawa wapo wauzaji wanaoziuza zikiwa na Windows 11 iliyopachikwa kwa ujanja na hawakwambii. Niliomba pia waniongezee RAM. Fundi wa duka lile lile, kijana mpole, alilifungua kasha mbele ya macho yangu, akachomeka RAM, akalifunga, kisha akaibandika upya stika ile ile kwa kuikandamiza kwa kidole. Ilikaa upande. Niliiona kwamba imepinda nikanyamaza, maana nani anagombania stika?

Kwa haki ya Mungu, mashine yenyewe ilikuwa nzuri. Iliwaka upesi, feni yake haikuwa na kelele, na nilifungua picha za pasipoti huku mteja mwingine akichapishiwa barua yake bila kompyuta kugugumia. Mpwa wangu alipoipima kwa programu yake ile hadi diski (hard disk, diski ya kizamani ya kuhifadhia mafaili) alikuta imefanya kazi saa 31,000, yaani miaka 3 na nusu bila kuzimwa, ilhali muuzaji alikuwa ameniapia kwamba ilitumika kidogo tu na katibu muhtasi. Hata hilo nililimeza. Tuliweka SSD ndogo niliyokuwa nayo, tukailaza hadi diski kuwa ghala la mafaili ya zamani, na kama mtu angeniuliza wakati huo ningempeleka duka lile kwa mkono wangu.

Msiba ulikuja katika msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, ambao kwa mwenye steshenari ndio mavuno. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili nilibonyeza kitufe pasitokee chochote: feni haikuzunguka wala taa haikuwaka. Kwenye benchi walikuwa wamekaa vijana wenye bahasha zao za vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa RITA, wananitazama. Niliwaelekeza kwa jirani yangu, ambaye tangu siku hiyo ananisalimia kwa furaha iliyozidi kiasi.

Niliibeba kompyuta kwa bajaji hadi Kariakoo nikiwa na risiti mkononi, na miezi 3 haikuwa imetimia. Kijana wa kaunta hakuiwasha, hakuifungua, wala hakuuliza ina tatizo gani. Aliizungusha mara moja, akaiona stika, akasema, "Mama, hii imechokonolewa." Nikamjibu kwamba ilifunguliwa hapa hapa, siku ile ile niliyoinunua, na fundi wao aliyekaa hatua tatu kutoka pale tulipokuwa. Nilimtazama fundi. Alikuwa ameinamia laptopu ya mtu, waya wa risasi ukitoa moshi mbele yake, na ninaapa kwamba alikuwa akiunguza waya mtupu ili tu asiinue uso. Ndipo kijana wa kaunta akasema maneno ambayo bado ninayasikia nikiwa nachambua mchele: "Mama yangu, ungetaka kitu kipya ungenunua kipya."

Umaskini wangu alikuwa ameupima kwa macho, akaona haustahili hata bisibisi. Niliinua sauti, jambo ambalo silipendi, na wateja wengine wakaanza kuangalia simu zao. Alininyooshea kidole kwenye karatasi ya ukutani iliyosema mali ikishauzwa hairudishwi. Baadaye niliambiwa kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji na kwamba ningeweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Sikwenda. Kufunga duka siku nzima msimu wa mikopo kungenigharimu kuliko nilichokuwa nikidai, na nadhani kijana yule alilijua hilo.

Kilichokuwa kimekufa kilikuwa pawa saplai peke yake. Nilifurahi niliposikia, kwa kuwa pawa saplai zimepangwa Kariakoo kama matofali. Furaha hiyo haikufika adhuhuri. Kompyuta nyingi za ofisi za makampuni makubwa hutengenezwa na pawa saplai ya umbo lake na plagi yake, kiasi kwamba ya kawaida haiingii ndani ya kasha, na hata ukiilazimisha, idadi ya pini haioani na mazabodi. Winga mmoja, yaani dalali wa mtaani, alinizungusha maduka saba, na kila duka walitikisa kichwa kabla sijamaliza kueleza. Niliipata jioni kwenye chochoro, ya kuchomolewa kutoka kwa mashine nyingine iliyokufa, kwa shilingi 70,000, na dhamana yake ilikuwa kuwashwa mbele yangu mara moja.

Usiku huo niliapa kwamba sitanunua tena kompyuta ya mtumba. Maneno ya mpwa wangu kuhusu kipande kimoja yalikuwa yamethibitika, nikamwambia alete orodha yake. Alileta, lakini safari hii bei ya RAM ilikuwa imepanda hata yeye akaona haya kuisoma. Tena nilimuuliza swali ambalo mara ya kwanza sikuwa na akili ya kuliuliza: nikinunua vipande sita kwenye maduka sita, kisha mashine isiwake, ninakwenda kugombana na nani? Mwenye RAM atasema ni mazabodi, mwenye mazabodi atasema pini za prosesa zimepindishwa na fundi, na fundi ni mtoto wa kaka yangu. Zaidi ya hapo, pawa saplai nyingi za bei nafuu zimeandikwa wati 500 na ukizishika mkononi ni nyepesi kama kibiriti. Ukiunda mashine yako mpya kwa kitu kama hicho umejitafutia msiba ule ule kwa gharama mara tatu.

Kwa hiyo sijui nikushauri nini, na nikisema ninajua nitakuwa ninakudanganya. Kama una fundi wako wa kuaminika na fedha hazitakuumiza, unda. Kama huna, nunua ya mtumba, lakini chagua yenye kasha kubwa linalopokea pawa saplai ya kawaida, ifunguliwe na kuoneshwa kabla hujalipa, na kila inapoguswa iandikwe kwenye risiti nani ameigusa. Mashine yangu inafanya kazi mpaka leo, na maneno haya ninayaandika juu yake. Nilitaka kuipa nyota nne. Nimelikumbuka lile "mama yangu" nikaziondoa mbili, kisha nikajiuliza kosa la kompyuta ni lipi hapo, nikairudishia moja.

Hivi karibuni nilipita mtaa ule nikimsindikiza shoga yangu anayetafuta laptopu ya binti yake. Kijana wa kaunta hakunikumbuka hata kidogo. "Karibu mama, mzigo mpya umeshuka jana," alisema, huku mikono yake ikiendelea na kazi: mbele yake kulikuwa na kompyuta kumi hivi, na pembeni roli nene la stika nyeupe zenye maandishi mekundu. Alikuwa akibandua moja moja na kubandika, bila kuangalia kama kasha limefungwa, na nyingi zilikaa upande.

Nilimuuliza roli zima ni shilingi ngapi. Alicheka, akadhani ninatania.