Nimesomea Sayansi ya Usalama na Udhibiti wa Hatari Mombasa: Uzoefu Wangu

Nilikuwa na miaka sita katika ulinzi, minne nikisimama getini na miwili nikiwa msimamizi wa zamu ya usiku kwenye yadi ya makontena Changamwe, ndipo nilipojiandikisha kusomea shahada ya sayansi ya usalama na udhibiti wa hatari. Nimemaliza mwaka huu. Tangu habari zienee, vijana wa kazini hawaachi kuniuliza kama karo ile inafaa kulipwa, na shemeji yangu ana mwana aliyemaliza kidato cha nne ambaye anataka kunifuata. Naandika kwa ajili yao. Chuo sikitaji jina kwa sababu yapo ya kulalamikia, na nia yangu si kumkomoa mtu.

Niseme mapema: masomo ya hatari yamenibadilisha namna ninavyofanya kazi. Masomo ya ulinzi wenyewe yamenipa kidogo kuliko nilivyotarajia.

Kabla sijaanza, mzee mmoja tuliyekuwa zamu moja, mtu aliyelinda maghala ya Shimanzi tangu mimi sijazaliwa, aliniambia, "Mwanangu, ulinzi ni macho na kutolala. Wenda kusomea nini huko?" Sikumjibu, kwa heshima, na pia kwa sababu sikuwa na jibu. Nililipata muhula wa kwanza, kwenye somo nililodhani ni la maneno matupu. Mhadhiri alitutenganishia tishio, udhaifu na hatari. Sisi kazini vyote tulikuwa tukiviita hatari. Mwizi ni tishio, na huna uwezo wa kumwondoa duniani. Taa iliyoungua ni udhaifu, na huo ni wako. Hatari huzaliwa hao wawili wanapokutana penye kitu cha thamani. Mwenzetu mmoja kutoka Tanga akatuletea neno "vihatarishi", linalotumika sana kwenye ripoti za Tanzania, na tukabishana nalo hadi chai ikapoa. Nilitoka pale nimeelewa kwamba miaka yote nilikuwa nikihangaika na mwizi, na taa sijaigusa.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 31000, toleo la 2018, kinasema hatari ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo. Mara ya kwanza sikuona maana yake. Ukikaa nayo inakulazimisha kuuliza swali ambalo msimamizi wa zamu huwa haulizwi: hii yadi ipo ili ifanye nini? Ipo ili mizigo itoke salama na kwa wakati. Basi geti linalokagua kila lori kwa nusu saa ni hatari pia, ijapokuwa hakuna kilichoibwa.

Kazi ya mwaka wa pili ndiyo iliyonilipa. Tuliambiwa tutathmini mahali tunapopafahamu, nami nikachagua yadi yetu kwa ruhusa ya meneja. Kanuni yenyewe ni hii: kwa kila njia anayoweza kupita mwizi, pima muda kuanzia pale anapogunduliwa hadi aifikie mali, kisha pima muda ambao walinzi wanahitaji kumfikia. Muda wa walinzi ukiwa mrefu zaidi, mali imekwenda. Ukuta haumzuii mtu, unamchelewesha tu, na kumchelewesha kabla hujamwona hakukusaidii kitu, kwa sababu hakuna anayekimbia kuja.

Sasa tazama yadi yetu. Kona ya nyuma palikuwa na mwarobaini ulioegemea ukuta kwa nje. Nilimwomba kijana mwepesi wa zamu apande, na haikufika dakika moja akawa ndani. Kutoka pale hadi malori yanayolala na dizeli ni hatua 100 na kidogo. Doria yetu ilipita kona ile kila baada ya dakika 45, tena kwa saa zile zile kila usiku, hata mchuuzi wa kahawa wa nje ya ukuta alizijua. Kamera ilikuwepo, lakini saa tisa usiku anayetakiwa kutazama skrini ndiye huyo huyo anayefungua geti. Mimi mwenyewe, miaka miwili, nilikuwa nikiandika kwenye OB, kitabu cha matukio ya zamu, "doria imefanyika, hali shwari". Haikuwa uongo. Doria ilifanyika kweli, na dizeli iliendelea kupungua.

Kampuni ilikuwa inataka kuongeza kamera 8. Nikapendekeza matawi yakatwe, taa ya kona itengenezwe, doria zibadilishwe saa kila usiku, na malori yenye mafuta yahamishiwe mbele karibu na kibanda. Hili la mwisho linatoka kwa Lawrence Cohen na Marcus Felson, walioandika mwaka 1979 kwamba uhalifu hutokea pale mtu mwenye nia, kitu kinachomfaa, na kukosekana kwa mlinzi vinapokutana mahali pamoja na wakati mmoja. Ukivunja kimoja, umevunja vyote. Meneja alikubali matatu kati ya manne, malori akayaacha yalipo, na hata hivyo tangu siku hiyo hatujapoteza dizeli katika zamu yangu. Gharama yote ilikuwa ya fundi umeme na panga.

Siku niliyoipenda kuliko zote ni ile tuliyopelekwa Fort Jesus. Nimezaliwa Mombasa, nimeingia mle tangu shule ya msingi, na sikuwahi kuiona. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na pembe zake zimetokezwa nje ili aliye juu ya moja aone mguu wa ukuta wa pembe nyingine. Hakuna kona pofu. Nikaukumbuka mwarobaini wetu nikaona haya. Kisha mhadhiri akatuketisha kivulini akatueleza jinsi Waomani walivyoizingira ngome hiyo, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zilisimama muda wote ule. Waliokuwa ndani ndio walioisha, kwa njaa na maradhi, hata walipovamiwa mwishoni walikuwa wamebaki wachache mno. Akauliza, "Kwenu kazini, nani anahesabu chakula?" Hakuna aliyejibu. Sisi tuna jenereta moja na hatuna akiba ya mafuta yake, na usiku ambao walinzi wawili wanaumwa hakuna wa kuwashika nafasi. Hayo sasa nayaandika kwenye rejista ya hatari kila mwezi: chanzo, tukio, matokeo, na nani anahusika kulitatua.

Kitu ambacho sikukitarajia darasani ni uzito. Tulikuwa tukijifunza jedwali la tano kwa tano, ambapo unaipa kila hatari alama ya uwezekano na alama ya athari, kisha unazidisha. Mfano ukawa kivuko. Kuibiwa simu kwenye msongamano wa Likoni tukaupa uwezekano 5 na athari 1. Feri kuzama, uwezekano 1, athari 5. Zote zikatoka 5. Mama mmoja darasani, ambaye jamaa zake walikuwa kwenye feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, ile iliyoua watu 272, alisema kwa sauti ya chini, "Hizi haziwezi kuwa sawa." Mhadhiri hakumbishia. Alifuta ubao, akatumia saa nzima kutuonyesha kwa nini kuzidisha namba kunaficha majanga, na kwa nini athari za vifo hutengwa peke yake bila kujali uwezekano. Ninavuka kwa feri kila siku kwenda kazini. Somo lile halijanitoka.

Sasa malalamiko. Somo la mifumo ya ulinzi lilifundishwa kwa maandishi ya zamani, yanayozungumzia kamera za kurekodi kwenye kanda. Usalama wa kompyuta tulifundishwa zaidi ubaoni, kwa sababu mashine zinazofanya kazi zilikuwa chache na darasa kubwa. Somo moja la hiari nililolilipia lilifutwa kwa kukosa wanafunzi, na pesa ikachukua muhula mzima kuhamishiwa somo lingine.

Kubwa kwangu ni la bandari. Tupo Mombasa! Kanuni za ISPS, zinazosimamia usalama wa meli na bandari duniani, zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004 kufuatia mashambulizi ya Septemba 2001 Marekani. Zina ngazi tatu za tahadhari, na mtu anayefanya kazi karibu na Kilindini anapaswa kujua kinachobadilika ngazi ikipanda. Tulizisoma kipindi kimoja. Wanaotoka chuo hiki wataomba kazi kwenye bandari, kwenye yadi na kwa mawakala wa meli, na hilo lilistahili muhula mzima.

Sheria zilifundishwa vizuri. Ile ya ulinzi wa kibinafsi ya 2016, iliyounda PSRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia ulinzi wa kibinafsi, tuliisoma kifungu kwa kifungu. Sheria ya kulinda data ya 2019 ndiyo iliyonishtua, kwa sababu ya kitu kimoja kidogo: kitabu cha wageni. Kila mgeni anaandika jina, namba ya kitambulisho na ya simu, na anayefuata anasoma yote. Wasichana wamewahi kupigiwa simu na watu wasiowajua, na nadhani namba zao zilitoka getini. Sasa kitabu chetu anaandika askari mwenyewe, na kinakaa upande wake wa dirisha.

Kuhusu pesa na muda: karo ya muhula ilimeza karibu mishahara yangu miwili, na miaka minne nimelala mchana kwa vipande. Mke wangu alibeba nyumba. Cheo hakijapanda bado. Nafasi za umeneja nilizoomba, nimeona waliochukuliwa ni wastaafu wa polisi na jeshi, na matangazo mengi ya kazi bado yanauliza urefu kabla ya cheti. Anayeingia akitegemea ajira ya haraka atateseka. Aliye kazini tayari atapata kitu cha kutumia kesho yake asubuhi.

Ukienda kuuliza nafasi, usiulize karo peke yake. Uliza ni masomo gani yana wahadhiri muhula huu, mafunzo ya kazini yanatafutwa na nani, na omba kuona chumba cha kompyuta kikiwa na wanafunzi ndani.

Mwana wa shemeji nimemwambia aje kwanza yadi wiki mbili, azunguke nami usiku, apime ile kona kwa saa yake mwenyewe. Anaanza Jumatatu. Mzee wa Shimanzi amesema atakuja na thermosi ya kahawa.