Inveta ya Gari kwa Ajili ya Laptopu: Ipi Ununue, Ipi Uache

Kabla hujauliza bei ya inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa ukutani, geuza chaja ya laptopu yako usome maandishi madogo ya mgongoni. Penye OUTPUT ukikuta 19.5V na 3.34A, zidisha: ni wati 65. Laptopu nyingi za kazi zinahitaji wati 45 hadi 90, lakini za kuchezea gemu huweza kupita 200.

Kisha angalia gari lenyewe. Tundu la kuwashia sigara mara nyingi lina fyuzi ya ampea 15, na kwa volti 12 hizo ni wati 180 tu. Boksi la inveta likisema wati 400 kupitia tundu hilo, ukizidai zote utaunguza fyuzi.

Ninayoiweka ya kwanza wala si inveta. Ni chaja ya gari ya USB-C yenye Power Delivery, yaani mfumo wa kupitisha umeme mwingi kwa waya wa USB-C. Inveta hupandisha volti 12 hadi 230, halafu chaja ya laptopu inazishusha tena hadi 20 hivi, na kila hatua hupoteza umeme kwa njia ya joto. Chaja ya USB-C inamaliza kazi kwa hatua moja, haina feni ya kupiga kelele, na inaenea mfukoni. Hakikisha kwanza laptopu yako inapokea chaji kwa USB-C, maana si zote. Halafu soma wati za tundu moja moja, kwa sababu ile “100W” iliyoandikwa kwa herufi kubwa huenda ni jumla ya matundu yote. Na usisahau waya: wa ampea 3 unaishia wati 60. Ukitaka 100, nunua wa ampea 5.

Ya pili ni inveta ndogo ya mawimbi laini (pure sine wave), yaani umeme wake unafanana na wa ukutani, wati 150. Hesabu wati inazotoa mfululizo, si zile za kilele inazozihimili kwa muda mfupi tu. Kama laptopu yako haichajiwi kwa USB-C, chukua hii bila kusita.

Ya tatu ni ile ya bei nafuu, ya mawimbi ya ngazi (modified sine wave), yaani umeme wake hupanda na kushuka kwa vidato. Chaja nyingi za laptopu huikubali, ila baadhi hunguruma na kupata moto kuliko kawaida. Ikitokea hivyo, ichomoe.

Inveta ya wati 1000 kwa laptopu moja naiweka mwisho. Ikiwa imewashwa, hata isipochaji chochote inanyonya betri. Mwenye laptopu ya gemu inamtosha ya wati 300, iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, na fyuzi yake ikae karibu na kichwa cha chanya.

Magari mengi makubwa ya mizigo yana volti 24, kwa hiyo usichomeke humo inveta ya 12.

Jambo linalowakwamisha wengi ni kufanya kazi injini ikiwa imezimwa. Laptopu ya wati 65 inavuta ampea 6 hivi, na betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kukamuliwa kwa saa nyingi. Inveta nyingi hujizima betri ikishuka karibu volti 10.5, na hapo gari huenda lisiwake tena. Tafuta inayojizima mapema zaidi, karibu volti 11.5, na uwashe injini kwanza ndipo uchomeke.