VetChange: programu ya simu ya kupunguza pombe kwa askari waliorudi vitani, nilivyoitumia hapa Mafinga

Haya nawaandikia wenzangu mliovua magwanda, na wake zenu, ambao najua ndio watakaosoma mpaka chini.

VetChange ni programu ya simu isiyolipiwa. Imetengenezwa Marekani na kituo cha taifa cha kiwewe kilicho chini ya idara inayohudumia wanajeshi wastaafu, wakishirikiana na watafiti wa Boston. Imewalenga askari waliotoka vitani na sasa wanaona pombe inawashinda. Lengo unajiwekea mwenyewe, kupunguza au kuacha kabisa. Jina hawaulizi. Kwangu hilo lilikuwa kubwa, maana askari akishaambiwa aandike jina kwenye karatasi ya daktari wa akili, anaona cheo chake chote kinaondoka siku hiyo.

Mimi nilikuwa Kongo, Kivu ya Kaskazini, na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013: sisi Watanzania, pamoja na Waafrika Kusini na Wamalawi. Nilirudi na viungo vyangu vyote. Desemba 2017 ilipoletwa nyumbani miili 14 ya wenzetu waliouawa kule Semuliki, nilikuwa nimesharudi muda mrefu. Nilikunywa siku tatu mfululizo, na tangu hapo ikawa silali bila kunywa. Baba yangu mdogo alikwenda vita vya Kagera. Mpaka anakufa alikuwa akilala barazani, panga ubavuni, hata Julai baridi ya huku ikiuma mifupa. Sisi watoto tuliambiwa amerogwa. Namuomba msamaha kila nikimkumbuka.

Programu hii aliniwekea mpwa wangu anayesoma Iringa mjini. Alisema tu, "Mjomba, shikamoo, jaribu hii," akanirudishia simu. Hakunihubiria, namshukuru.

Kazi yake kubwa ni kukufanya uandike. Umekunywa nini, kiasi gani, na nini kilikutokea kabla ya kunywa. Hapo kwenye "kabla" ndipo iliponikamata. Nilidhani nakunywa kwa sababu ya marafiki, au mshahara wa kiwanda cha mbao ukitoka. Baada ya wiki mbili nikasoma nilichoandika: karibu kila siku kabla ya glasi ya kwanza kulikuwa na moja kati ya mambo mawili. Ama bodaboda lilipiga mlio wa ekzosi nje ya kiwanda, ama jua lilikuwa linazama nami naanza kuogopa kitanda. Marafiki walikuwepo, lakini walikuja baadaye. Mimi ndiye niliyekuwa nawatafuta.

La usingizi nalieleza taratibu, kwa sababu wengi wetu tunajidanganya hapo. Pombe inakulaza haraka, kweli. Ikianza kuisha mwilini, usingizi unakatikakatika, na ndoto mbaya zinapata nafasi. Niliandika saa ninazoamka kwa mwezi mzima. Usiku wa bia nne au lita mbili za ulanzi, ile pombe ya mianzi, naamka saa tisa, shati limelowa, mkono unatafuta bunduki isiyokuwepo. Usiku ambao sikunywa nilichelewa sana kulala, mara nyingine saa saba, lakini nikishalala nafika alfajiri. Mama Upendo ndiye aliyenionyesha. Aliishika simu, akapitisha kidole kwenye zile tarehe, akasema, "Baba Upendo, hebu ona. Siku hizi hapa hukunipiga teke hata moja." Tumeoana miaka 22, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniambia kuwa huwa nampiga mateke usingizini.

Sasa tabu zake. Yote ni Kiingereza, na namba za kupiga ukizidiwa ni za Marekani, hapa hazikusaidii. Vipimo navyo vina kazi. Wao kinywaji kimoja ni gramu 14 za kilevi halisi, yaani bia ya mililita 355 yenye asilimia 5. Chupa yetu ya mililita 500 yenye asilimia hiyohiyo ina karibu gramu 20, kwa hiyo ukisema umekunywa "nne tu" umekunywa karibu sita. Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 inakaribia vinne. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu, sikuamini.

Ulanzi ndio unaoshinda hesabu. Unapogemwa asubuhi ukashushwa na mbeta yake, kile kibuyu cha mwanzi cha kukingia, ni mtamu, hata mtoto anaonja. Kesho yake ni mkangafu, yaani umeshachacha na kuwa mkali, unakuangusha. Lita moja ya leo si lita moja ya kesho. Kwa hiyo mimi naandika lita, na pembeni naandika umegemwa lini. Si kipimo cha maabara, ila kinanizuia kusema uongo.

Je, inasaidia kweli? Toleo la kwanza la mtandaoni lilijaribiwa kwa askari 600 wa Marekani waliotoka Iraki na Afghanistani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliolitumia walipunguza pombe, na dalili za kiwewe zikapungua, kuliko wale waliokuwa bado wakisubiri zamu yao. Mimi nimeshuka kutoka kunywa kila siku hadi siku mbili kwa wiki, huu mwezi wa saba. Niliteleza Sabasaba. Niliandika hivyohivyo. Naipa nyota nne kati ya tano.

Lakini nisikilize hapa. Kama unaamka mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla kwa sababu ya simu. Mwili uliozoea ukinyimwa mara moja unaweza kukupa degedege, na watu hufa. Nenda hospitali kwanza, useme kweli unakunywa kiasi gani. Mimi kabla ya yote haya nilikwenda duka la dawa moja, nikalalamika usingizi, nikauziwa vidonge vya kulalia bila kuulizwa hata neno moja kuhusu pombe. Vidonge vile ukivichanganya na pombe pumzi inaweza kukatika usingizini. Nilivinywa siku mbili, Mama Upendo akavitupa chooni. Baadaye sista mmoja wa hospitali alinikalisha nusu saa, akaanza na swali hili: "Afande, huwa unaota nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kuna mwenzangu wa kombania moja, yuko Mbeya upande wa Mbalizi, Kiingereza hakipandi na simu yake ni ya vitufe. Tulinunua daftari la mistari, tukachora safu nne kwa Kiswahili: saa ngapi, nini kilitangulia, nimekunywa nini, nimeamka saa ngapi. Anajaza kwa penseli. Ijumaa alinipigia, anataka kujua komoni, pombe ya kienyeji ya nafaka, ataihesabuje, maana kilabuni wanauza kwa kopo la plastiki na kila mama ana kopo lake. Nimemwambia Jumapili aje nalo, tulipime kwa chupa ya maji.