TSA PreCheck nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Wadau mnaoishi huku Marekani mnaulizaga sana kama PreCheck, ile huduma ya kulipia ya TSA (wakala wa serikali wa ukaguzi wa abiria eapoti) ya kupita ukaguzi haraka, inalipa au ni hela ya kutupa. Jibu fupi: kama unapanda ndege za ndani mara kwa mara chukua, kama unatoka nje ya nchi angalia Global Entry kwanza (hiyo ni ya kupita haraka mpakani ukirudi Marekani), nitaigusa chini, na kama ndege unaipanda ukialikwa harusi tu basi achana nayo.

Kujiandikisha ni rahisi mpaka unashtuka. Unajaza fomu mtandaoni, majina, anwani na ulikokaa miaka ya karibuni, alafu unachagua siku ya kwenda kutoa vidole. Ofisi yenyewe niliyoenda ni kikaunta tu ndani ya duka la vifaa vya ofisi, hapa watu wanatoa fotokopi, pale mdada kakaa na kompyuta yake na kile kioo cha alama za vidole, anakupa kitambaa ufute mikono, vidole vikiwa vikavu mashine inagoma, basi anakikandamiza mwenyewe kimoja kimoja mpaka kipimo kiwe kijani. Picha, kitambulisho, dakika kumi ushatoka. Swali la maana sikuulizwa hata moja, nikabaki najiuliza huu ndo uchunguzi wenyewe?

Kumbe kazi inafanyika kwingine. Vidole vinaenda FBI, wanaangalia kama una kesi au umewahi kufungwa, majina yanapitishwa kwenye orodha zao za wanaoshukiwa. Kuna makosa yanakufungia mlango moja kwa moja (uhaini, ujasusi, mauaji) na mengine yanakuzuia kwa miaka kadhaa tangu hukumu. Baada ya siku chache namba ikaja, inaitwa KTN (Known Traveler Number, namba ya msafiri anayejulikana), hiyo ndo unaijaza kila ukikata tiketi. Bei ni kati ya dola 76 na 85 hivi kutegemea umejiandikisha kupitia kampuni gani, inadumu miaka 5. Wenye grini kadi tunaruhusiwa, wenye viza kwa PreCheck peke yake hawamo.

Sasa unapata nini? Foleni yako ya peke yako, laptopu inabaki kwenye begi, vichupa vinabaki, mkanda na koti jepesi huvui. Zamani mvuto mkubwa ulikuwa viatu, ila hiyo faida imekufa mana tangu Julai 2025 kila abiria anapita na viatu vyake. Na ukitaka kuelewa hii huduma ilivo, fuata hilo la viatu. Disemba 2001 Richard Reid kapanda ndege na bomu kwenye kiatu, tukaanza kuvua viatu. 2006 Uingereza wakakamata njama ya mabomu ya maji maji, chupa kubwa zikapigwa marufuku. Krismasi 2009 jamaa kaficha bomu kwenye chupi, skana za mwili mzima zikasambaa. Kila jaribio linazaa sheria na sheria inamkuta kila mtu, bibi wa miaka 80 na mtoto wa miaka 14 wote sawa. 2011 ndo wakabadilisha hesabu, kwamba badala ya kumshuku kila mtu kwa kiwango kimoja, tuwajue mapema wale wa hatari ndogo tuwapitishe haraka, nguvu iende kwa tusiowajua. PreCheck ikazaliwa hapo.

Kwahiyo ile hela unailipa ili uhamishwe fungu. Hata kama hujajiandikisha mahali, ukikata tiketi ya ndani ya Marekani shirika la ndege linatuma jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia kwenye mfumo unaitwa Secure Flight, na majibu yanarudi: pita kawaida, pita PreCheck, kaguliwa zaidi, au usipande kabisa. Boding pasi unayoiona kwenye simu ishaamua kabla hujatoka nyumbani, yule afisa pale mbele kiukweli anasoma majibu tu.

Na hapa ndo siwapi nyota zote. Ripoti ya 2015 ya mkaguzi mkuu wa wizara ya usalama wa ndani ilieleza kisa cha mtu aliyekuwa kwenye kundi la kigaidi la humo humo Marekani, kashahukumiwa kwa mauaji na makosa ya milipuko, mfumo ukampa alama ya PreCheck bila hata yeye kuomba. Afisa akamtambua kwa sura mana aliwahi kutangazwa sana kwenye habari, akamwambia mkubwa wake, mkubwa akasema mwache apite, boding pasi imeshasema. Yaani mtu ana macho yake na anaona, karatasi ndo ikashinda!

Upande wa pili ni wenye majina yetu. Marehemu seneta Ted Kennedy mwenyewe alilalamika 2004 kwamba anazuiwa eapoti kwa sababu jina linafanana na la kwenye orodha, seneta huyo, sembuse Mohamed Ally wa kawaida. Rafiki yangu mmoja yalimkuta. Chekin ya kwenye simu inakataa, kaunta mdada anapiga simu mahali, boding pasi inatoka na S nne pale chini, na ukiziona hizo jua umeishia kwenye fungu baya. Begi linamwagwa kitu kimoja kimoja mpaka chaja, kitambaa kidogo kinapitishwa kwenye viganja na kwenye laptopu, kinaingizwa kwenye mashine ya kupima mabaki ya milipuko, wote mnaitazama mashine. Akauliza kwa nini mimi, afisa kasema hajui, na nadhani kweli hakujua.

Kama inakurudia rudia, PreCheck sio dawa ya uhakika. Omba kwanza DHS TRIP, huduma ya wizara ya usalama wa ndani kwa wanaozuiwa zuiwa safarini kimakosa, ni bure, wanakupa namba ya kuonesha wewe sio yule wanayemtafuta, uijaze kwenye tiketi pamoja na KTN. Alafu majina yawe vile vile ulivojiandikisha, kama ulijisajili Abdulrahman usikate tiketi kwa Abdul Rahman, alama ya PreCheck inaweza isitokee na utarudi kwenye foleni ya wote huku hela umelipa.

Mengine kwa haraka. Wanachama wamevuka milioni 20, kwahiyo asubuhi za Jumatatu hiyo foleni fupi nayo ina watu. Watoto wa miaka 12 kushuka chini wanapita na mzazi. Kuna siku utaokotwa tu ukaguliwe kama wengine, wameshasema hawakuhakikishii. Global Entry ni dola 120 kwa miaka 5 na PreCheck iko humo humo ndani, ila kuna intavyu na maafisa wa mpakani, kwa tunaoenda nyumbani mara kwa mara nyongeza hiyo inalipa siku unayorudi. Angalia pia kadi yako ya benki, kuna zinazorudisha hiyo ada yote.

Mimi naipa nyota 4. Anzia kwenye tovuti ya TSA yenyewe, ukigugo tu utakutana na matapeli wanaojifanya ndo wao, wanachukua hela na taarifa zako na namba huioni.