Piano iliyooshwa kwa maji ya sabuni: fundi alivyonitengenezea hapa Tanga

Piano yetu ya kusimama, aliyotuachia marehemu baba, iko Chumbageni. Kabla ya harusi ya mdogo wangu niliita watu wa usafi, nami nikawa jikoni. Wakaifunua, wakasugua vibao vya kubonyezea kwa sponji iliyolowa chepechepe, kisha wakapulizia nyuzi mafuta ya kulainisha vyuma ili zing'ae. Siku ya tatu ukibonyeza kibao kinazama, hakirudi. Vilikwama kumi na tisa. Nilivihesabu huku machozi yananitoka.

Fundi alitoka Dar. Alichelewa siku mbili bila hata kupiga simu, na hilo lilinikera sana. Lakini kazi anaijua. Alivitoa vibao vyote 88 kimoja kimoja, akavipanga kwenye mkeka kwa namba zake. Nilitaka kuvianika uani, akanizuia: "Juani hapana, dada, mbao itapinda." Vikakaa ndani na feni siku tatu.

Akanionyesha kibao kimoja kwa chini. Kuna tundu inamopita pini ya chuma, na kuta zake zimebandikwa kitambaa chekundu cha sufu. Kitambaa kile kilikuwa kimeumuka kwa maji, kimeing'ang'ania pini. Hakutumia msasa wala kisu. Alikiminya taratibu kwa koleo dogo, akarudisha kibao mahali pake, akabonyeza. Kikainuka chenyewe.

Mafuta ndiyo yaliyomhangaisha zaidi. Nyuzi zote kwa pamoja zinavuta kwa uzito wa zaidi ya tani 15, na kinachozishikilia ni pini zilizopigiliwa kwenye ubao. Mafuta yakipenya humo pini inateleza, ukityuni leo, yaani ukikaza nyuzi hadi sauti zilingane, kesho sauti imeshuka. Pini sita alizing'oa akaweka nene zaidi. Kisha akatyuni kwa la ya 440, yaani noti ya la inayotetema mara 440 kwa sekunde, na baada ya wiki tatu akarudi kurekebisha nyuzi zilizolegea.

Nimelipa shilingi 650,000 pamoja na nauli, na kwa kazi ile sioni kwamba nimepunjwa. Kibao kimoja cha besi bado kizito asubuhi za mvua. Ameahidi kukipitia akija tena.

Sasa vibao nafuta mwenyewe, kwa kitambaa cha pamba kilichokamuliwa hadi hakitoi tone, na kikavu kinafuata papo hapo. Uzi hauguswi hata mmoja.